Jeshi Moja la Polisi, Wakurugenzi Wawili wa Mashtaka

Mtu akikamatwa Kariakoo kwa wizi wa pikipiki, na mwingine akakamatwa siku hiyohiyo Darajani, Unguja, kwa kosa lilelile, wote wawili wanatiwa pingu na jeshi moja. Sare ni ileile na Inspekta Jenerali ni yuleyule. Lakini jalada likishatoka kwa mpelelezi kwenda kwa mwanasheria, njia zinaachana. La Kariakoo linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka (kwa kifupi DPP) wa Jamhuri ya Muungano, na mtuhumiwa atashitakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. La Darajani linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na sheria itakayotumika ni Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya 2018. Ma-DPP hawa wawili hawana mkubwa mmoja, na hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Kisha, mwisho kabisa, kesi zote mbili zinaweza kukutana tena mbele ya majaji walewale wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Mijadala yetu ya Muungano huzunguka mafuta, misaada, bendera na idadi ya serikali. Suala la nani hushitaki hupitwa kimyakimya, na hilo linanisikitisha, kwa sababu mamlaka machache ya dola humgusa mwananchi kwa ukaribu kama haya. Hakimu hawezi kuanzisha kesi. Polisi anaweza kukamata, ila kwa makosa makubwa hawezi kwenda mbali bila DPP. Anayeamua kwamba huyu ashitakiwe na yule aachwe, kwamba kosa liitwe wizi wa kawaida au uhujumu uchumi, kwamba shauri liendelee au liondolewe, ni mwendesha mashtaka. Kwa hiyo ukitaka kujua nchi zilizoungana zimegawana vipi nguvu za kweli, fuatilia jalada la jinai kutoka meza hadi meza.

Meza hizo ni nne: anayetunga sheria ya makosa, anayepeleleza, anayesaini hati ya mashtaka, na anayesikiliza rufaa ya mwisho. Katika nchi yenye serikali moja, zote ziko chini ya paa moja. Katika nchi za shirikisho kila moja inaweza kukatwa mahali pake. Tanzania haijiiti shirikisho, na mabishano kuhusu jina la mfumo wetu ni marefu, lakini kwa upande wa jinai tunaishi na maswali yote ya shirikisho.

Hati za Muungano za Aprili 1964 ziliorodhesha mambo 11 ya Muungano. Polisi walikuwamo tangu siku hiyo ya kwanza, pamoja na ulinzi, uraia, uhamiaji na mamlaka ya hali ya hatari. Makosa ya jinai ya kawaida hayakuwamo, mashtaka hayakuwamo, wala Mahakama Kuu. Orodha imekua tangu hapo hadi kufikia mambo 22, lakini haya matatu hayajaingia. Kilichoongezwa ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na kuondoka na mahakama yake ya rufaa. Matokeo ni mchanganyiko wa ajabu kidogo. Sheria za makosa ni mbili, polisi ni mmoja, waendesha mashtaka ni wawili, Mahakama Kuu ni mbili, Mahakama ya Rufani ni moja. Jalada la Zanzibar linaanzia mikononi mwa chombo cha Muungano, linapita katikati kwa vyombo vya Zanzibar, na linamalizikia kwa chombo cha Muungano.

Ofisi zenyewe ni changa kuliko watu wanavyodhani. Kwa miongo mingi, pande zote mbili, mashtaka yalikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu, urithi wa utawala wa Kiingereza. Bara, DPP aliingizwa kwenye Katiba 2005 kupitia Ibara ya 59B, ikatungwa Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka 2008, na ni 2018 tu ndipo Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilipotenganishwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Zanzibar ina kifungu cha 56A cha Katiba yake ya 1984 kama ilivyorekebishwa, na Sheria ya Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka Namba 2 ya 2010. Katiba zote mbili zinataka DPP awe huru. Ibara ya 59B inamtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Ibara hiyohiyo inampa uwezo wa kusimamia mashtaka yote nchini, bila kusema kama "nchini" ni Bara peke yake au ni kote Jamhuri ya Muungano inakofika. Katika kazi za kila siku jambo hilo halisumbui, kwani kila ofisi inajua mipaka yake. Kesi ikigusa dola yenyewe, linasumbua sana.

Mashauri matatu yanaonyesha hivyo, na kila moja linavuta upande wake.

La kwanza lilianza na mauaji ya Sheikh Abeid Amani Karume, Aprili 7, 1972, Kisiwandui. Zaidi ya watu 80 walishitakiwa kwa uhaini mbele ya mahakama ya wananchi Zanzibar, mahakama ambazo hazikuruhusu mawakili. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wakati huo, Wolfgang Dourado, aliendesha mashtaka na hapohapo akabebeshwa kazi ya kuwasilisha utetezi. Mtu mmoja anashitaki asubuhi na kutetea mchana: sijui mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi kwa nini ofisi ya mashtaka inahitaji kuwa na mipaka. Baadhi ya washitakiwa, akiwamo Abdulrahman Babu aliyekuwa waziri katika Serikali ya Muungano, walikuwa wakishikiliwa Bara. Zanzibar iliwataka. Mwalimu Nyerere alikataa kuwatoa. Wakahukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani, hukumu ikatoka 1974, na Babu akabaki kizuizini Bara bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote hadi 1978.

Tazama kilichotokea hapo. Ndani ya jamhuri moja, upande mmoja ulikataa kuwakabidhi watuhumiwa kwa upande mwingine, kana kwamba ni nchi mbili zisizo na mkataba. Kukataa huko kuliokoa maisha ya watu. Lakini hakukufanywa na hakimu aliyepima ushahidi na kuuliza kama kesi ya Zanzibar ni ya haki. Ulikuwa uamuzi wa Rais, na Rais huyohuyo ndiye aliyewaweka watu hao ndani miaka yote hiyo bila mashtaka. Bahari ya Zanzibar ilivukwa au haikuvukwa kwa utashi wa mtu mmoja.

Shauri la pili ni la kisheria zaidi, na naliona kuwa hukumu muhimu kuliko zote katika somo hili. Kuanzia mwishoni mwa 1997, watu 18 wa chama cha CUF walikamatwa Zanzibar na kushitakiwa kwa uhaini chini ya kifungu cha 26 cha sheria ya adhabu ya Zanzibar ya wakati huo. Uhaini hauna dhamana na adhabu yake ni kifo. Walikaa rumande zaidi ya miaka miwili. Shauri hilo, SMZ (yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, lilifika Mahakama ya Rufani, na Novemba 2000 majaji walitoa jibu lililotikisa siasa za visiwani: uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, Zanzibar si dola ya namna hiyo, kwa hiyo hakuna uhaini unaoweza kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwezi huohuo washitakiwa walikuwa huru.

Wanasiasa waliisoma hukumu hiyo kama tusi au kama ushindi, kulingana na chama. Marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya 2010, yaliyoandika kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano, hayawezi kueleweka bila hasira iliyobaki kutokana na mjadala huo. Lakini isome kama mwendesha mashtaka. Mahakama ilikuwa inachora mstari wa kazi: mauaji, wizi, ubakaji na rushwa vya Zanzibar ni vya Zanzibar, ila kosa dhidi ya dola lina mwenyewe mmoja tu, Jamhuri ya Muungano. Na kwa jinsi mstari ulivyochorwa, uliwalinda raia 18 dhidi ya serikali iliyotumia kosa zito kupita kiasi kuwafunga wapinzani wake.

Mstari huohuo, hata hivyo, una ncha ya pili. Kama makosa dhidi ya dola ni ya Muungano, basi vyombo vya Muungano vinaweza kumfuata mtu Zanzibar na kumleta Bara. Ndilo shauri la tatu. Viongozi wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu walikuwa tayari wamekamatwa na kushitakiwa Zanzibar kufuatia ghasia za 2012. Baadaye walivushwa, na 2014 wakajikuta Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, pamoja na wengine, wakikabiliwa na mashtaka ya ugaidi chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, sheria ya Bunge inayotumika pande zote mbili. Mawakili wao walihoji kwa nini Wazanzibari, kwa mambo yanayodaiwa kutokea Zanzibar, wasishitakiwe kwenye Mahakama Kuu ya Zanzibar. Miaka ikapita kwa maneno ambayo kila ndugu wa mahabusu wa Kisutu anayafahamu, kwamba upelelezi haujakamilika na shauri limekuja kwa kutajwa. Juni 2021 DPP aliieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea. Walitoka baada ya miaka ipatayo saba, na ushahidi dhidi yao haukuwahi kupimwa hadi mwisho.

Siandiki hapa kuwatetea au kuwashutumu. Ninachouliza ni hiki: nani aliamua wavuke? Hakuna jaji wa Zanzibar aliyeketi kusikiliza hoja ya kwa nini watu waliokuwa chini ya mahakama za Zanzibar wapelekwe kwingine. Polisi ni mmoja, kwa hiyo kuwavusha lilikuwa jambo la usafiri tu. Katika kesi ya mauaji ya Karume hali ilikuwa hivyo kwa upande wa kukataa, na 2014 ikawa hivyo kwa upande wa kuchukua.

Sasa turudi kwenye ile meza ya upelelezi, kwa sababu tatizo la Zanzibar la kila siku liko hapo kuliko kwenye uhaini na ugaidi. DPP wa Zanzibar anaweza kurudisha jalada na kusema ushahidi hautoshi, mtafuteni shahidi fulani, kipimeni kielelezo hiki. Lakini mpelelezi wa Ziwani, makao makuu ya polisi Zanzibar, anapandishwa cheo, anahamishwa na kuadhibiwa na jeshi ambalo mkuu wake anateuliwa na Rais wa Muungano. Mzazi wa Pemba anayeulizia kwa nini kesi ya mwanawe aliyedhalilishwa imekwama hawezi kumbana mtu mmoja. Ofisi ya mashtaka itamwambia jalada liko polisi, na polisi si wa serikali aliyoichagua kusimamia mashtaka hayo. Kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli. Wakati huohuo binti anakua, mashahidi wanahama, na mshitakiwa anarudi mtaani.

Hatuko peke yetu katika hili. Nigeria imekata nguo yake karibu sawa na yetu. Katiba yake ya 1999 inasema kutakuwa na jeshi moja la polisi kwa shirikisho zima, lakini kila moja ya majimbo 36 ina Mwanasheria Mkuu wake mwenye mamlaka ya kushitaki, kuchukua na kuondoa kesi za makosa ya sheria za jimbo. Sheria hizo zinatofautiana, kwani kusini hutumia mfumo mmoja wa makosa na kaskazini mwingine, na tangu 2000 majimbo 12 ya kaskazini yaliongeza adhabu za sharia. Gavana akimpa kamishna wa polisi wa jimbo maagizo ya usalama, kifungu cha 215 kinamruhusu kamishna, kabla ya kuyatekeleza, kuomba suala lipelekwe kwanza kwa Rais. Ndiyo maana hoja ya kuanzisha polisi wa majimbo haifi huko: magavana wanasema wanabeba lawama za uhalifu bila kuwa na askari.

Marekani ilikwenda mwisho wa pili. Karibu kila kitu kiko mara mbili. Kuna waendesha mashtaka wa shirikisho 93 wanaoteuliwa na Rais, na pembeni yao waendesha mashtaka wa kaunti na wilaya, wengi wao wakichaguliwa kwa kura, pamoja na polisi wa kila ngazi. Mahakama yao ya Juu ilisisitiza tena 2019, katika shauri la Gamble, kwamba jimbo na shirikisho ni wenye mamlaka wawili tofauti, hivyo mtu anaweza kushitakiwa na wote wawili kwa tendo moja. Derek Chauvin, askari aliyemuua George Floyd, alitiwa hatiani na mahakama ya Minnesota Aprili 2021, na Desemba mwaka huo akakiri mashtaka ya shirikisho. Je, kwetu DPP wa Muungano anaweza kumshitaki upya mtu aliyeachiwa huru na mahakama ya Zanzibar kwa tendo lilelile? Kwa maoni yangu, hukumu ya 2000 inafunga mlango huo. Hoja ya Wamarekani inasimama juu ya kuwapo wenye mamlaka kamili wawili, na Mahakama ya Rufani ilisema kwetu yuko mmoja.

Ujerumani ndiyo yenye somo tunalolihitaji zaidi. Sheria ya makosa ni moja kwa nchi nzima, lakini mashtaka yako chini ya majimbo 16. Ugaidi, ujasusi na uhalifu wa kivita huenda kwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Shirikisho aliyeko Karlsruhe. Sheria imeandika ni makosa gani anayachukua, na imeandika pia kwamba kesi isiyo na uzito mkubwa anairudisha kwa mwendesha mashtaka wa jimbo. Kuhama kwa jalada kuna kanuni, na mawakili wanaweza kuisoma kabla mteja wao hajahamishwa.

Wakenya wataniuliza kuhusu kaunti zao 47. Kwa ufupi, Katiba ya 2010 iligatua afya, kilimo, masoko na mengineyo, lakini sheria ya jinai, polisi na mahakama vilibaki kwa serikali ya taifa. Ibara ya 157 inampa DPP mmoja mamlaka juu ya mashtaka yote. Mchuuzi anayekamatwa na askari wa kaunti Nairobi bado anashitakiwa kwa mamlaka yanayotoka kwa DPP huyohuyo, hata kama sheria aliyoivunja ilitungwa na bunge la kaunti. Ugatuzi wa huduma haukugatua mkono unaoshitaki, na huko meza ya upelelezi na ya mashtaka hazitengani kama zetu.

Nikirudi nyumbani, fikiria boti iliyotoka Tanga na heroini ikakamatwa ikiingia Wete. Dawa za kulevya si jambo la Muungano. Bara kuna sheria ya 2015 na mamlaka yake, na Zanzibar ina sheria na mamlaka yake tofauti. Kosa lilianza upande mmoja na kumalizikia mwingine. Nani ashitaki? Masharti ya dhamana si yaleyale, mahakama si ileile, na adhabu zinaweza kupishana, kwa hiyo uamuzi wa wapi boti itafungwa kamba unaweza kuwa uamuzi wa mtu atakaa ndani miaka mingapi. Leo jibu linategemea maelewano ya ofisi na ofisi, na maelewano mazuri yapo. Ila mshitakiwa hawezi kukatia rufaa maelewano.

Wapo wanaosema dawa ni kuunganisha: DPP mmoja, sheria moja ya jinai. Sikubaliani nao. Kuwa na wawili kumewahi kuwa kinga, na ofisi iliyo karibu na Pemba inaweza kujua mambo ambayo ofisi ya Dodoma haiyajui. Kinachokosekana ni maandishi kwenye maungio. Mtu aliyekamatwa upande mmoja kwa kosa la kushitakiwa upande wa pili afikishwe kwanza mbele ya jaji wa pale alipokamatwa, asikilizwe, ndipo avushwe. Kosa linalogusa pande zote mbili liwe na kigezo cha nani anatangulia. Agizo la DPP wa Zanzibar kwa mpelelezi liwe na muda wa kujibiwa, na ukimya uwe na matokeo kwa afisa aliyekaa kimya.

Kuingiza mashtaka kwenye orodha ya mambo ya Muungano kungehitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kwa mujibu wa Ibara ya 98, na tunajua jinsi mabadiliko ya Katiba yalivyokwama baada ya rasimu ya Tume ya Warioba. Kuandika utaratibu wa kuvusha watuhumiwa na majalada ni kazi nyepesi zaidi. Sehemu ya polisi inaweza kufanywa kwa sheria ya kawaida ya Bunge, ikapelekwa Baraza la Wawakilishi kama kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar kinavyotaka, na sehemu ya mashtaka ya Zanzibar ikatungwa na Baraza lenyewe. Wanasheria wakuu wawili na ma-DPP wawili wanaweza kuandaa miswada hiyo bila kugusa swali la serikali mbili au tatu.